Wino wa Maji Umeingia Bulyaga

Bulyaga, Tukuyu
12 Aprili 2025

Mpendwa Dada Marita,

Ugonile, dada yangu? Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Shemeji Godwin hajambo? Na kifua chako, kimetulia? Hicho ndicho kilichokutoa kwenye karakana ya uchapaji ya marehemu baba, na ndicho kinachonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningefanya mzaha tu.

Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakutazama kama umemtukana.

Habari yenyewe ni hii: ule wino wetu wa mafuta, uliotulazimu kuosha fremu ya kuchapia kwa mafuta ya taa, nimeuacha. Mifuko ya karatasi ya majani ya chai naichapa kwa wino wa maji, na fremu naiosha kwa maji na sabuni. Hata hayo maji ya rangi simwagi mtaroni tena. Nayaacha yatuame kwenye ndoo, tope lake nalifukia. Magimbi ya Mama yaliyokuwa yakifa kando ya mtaro yameanza kuchipua.

Usidhani nimeerevuka mwenyewe. Aliyenishika ni Vaileth, mwenyekiti wa akina mama wanaofungasha chai kule Makandana. Alifungua mfuko mmoja akaninusisha, chai ikanuka kibatari. Akasema, "Gwe Anyelwisye, badilisha wino, au tutafute mchapaji mwingine."

Nikabadilisha. Sasa cheka: wino wa maji na mvua ya Tukuyu haviivi chungu kimoja. Haukauki! Huko kwenu Singida ungekauka kabla hujaanika. Mama akashauri tupange mifuko kwenye dari la jikoni, juu ya moto, tunapokaushia mahindi ya mbegu. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikapanda nikaipanga. Ilikauka vizuri kweli. Vaileth aliponusa akauliza, "Safari hii mmeibanika?" Mifuko mia nne ikarudi yote, Mama anawekea maharage.

Siku hizi naianika kwenye kamba sebuleni. Mchungaji alipokuja kutuombea ilibidi ainame kama anapita migombani.

Dada, niseme lililonileta. Vaileth aliponinusisha ule mfuko, nilikukumbuka wewe. Ulikohoa miaka miwili mle ndani. Ukaniambia ile harufu inakuua, nami nikakujibu mbele ya wateja kwamba unakwepa kazi. Ukafunga mizigo bila kugombana, na mimi nikajiona mshindi. Chai iliponuka nilibadilisha wino wiki ileile. Wewe ulipokohoa, nilicheka. Naona haya kuyaandika haya. Nisamehe, dada yangu.

Njoo mwezi wa saba, mvua ikiwa imepungua. Sikuiti kazini. Kaa tu karakanani siku nzima, mimi nikiendelea kuchapa. Ukikohoa hata mara moja, nafunga mlango nakwenda kulima viazi.

Msalimie Shemeji Godwin, na mwanetu Jenifer mwambie bibi yake anamwekea ndizi za kuivisha. Mama anakusalimu sana. Hajui nimekuandikia nini, ila ameniona nikifuta macho akaniuliza kama ni moshi.

Mungu akulindie pumzi yako.

Mdogo wako akupendaye, aliyechelewa kukusikia,
Anyelwisye