Harufu ya Mtu

Karatu, 3 Februari 2024

Mdogo wangu Sinyati,

Habari za huko Endulen? Watoto hawajambo? Na mama mkwe, mgongo umetulia? Sisi wazima, ni vumbi tu la mjini linalotumaliza. Nakuandikia kama enzi za bwenini kwa sababu simu yako ni ya kuchezea watoto, haishiki mtandao hata ukipanda juu ya kichuguu.

Sasa kaa chini. Hoteli moja ya huku juu imeyapenda marashi yetu, wanataka vichupa vya kila chumba kabla ya Pasaka. Unakumbuka walivyonicheka nilipoanza kuchemsha majani jikoni, eti Karatu ni ya vitunguu, si ya manukato? Wacheke tena.

Nahitaji majani ya leleshwa, kile kichaka chenu cha bondeni, mara mbili ya zamani. Ndani ya gunia ninalotuma na gari la unga nimewawekea vichupa, wewe na wenzako mnaokata majani. Miaka yote mnayaweka majani hayo kwapani, sasa muone yanavyokuwa yakikamuliwa. Jipakeni kila asubuhi mnapokwenda kukata, mwili mzima, msibanebane. Nataka mjivunie kazi yenu.

Dada yako,
Ndeshi


Endulen, 17 Februari 2024

Dada Ndeshi,

Shikamoo. Sisi wazima, ng'ombe wamekonda lakini wamesimama. Mama mkwe anasema usimuulizie mgongo kila barua, utazoea kuumwa.

Marashi yamefika. Tulijipaka mpaka mbwa wa bomani wakatubwekea, hawakutujua.

Lakini kuna jambo. Unajua nyati wa bondeni kwetu, akinusa moshi na ng'ombe miilini mwetu huondoka kabla hatujamwona. Jumanne nimeinama nakata tawi, nikasikia kitu kinatafuna. Kuinua kichwa, dume limesimama pale, karibu kiasi cha kuona kupe masikioni mwake. Linatafuna tu, halina habari nasi. Tulirudi kinyumenyume. Jirani yangu Nengai alijikojolea.

Sasa wenzangu wanacheka. Wanasema marashi yako ni dawa, yanatuficha nyati wasituone. Wanawake wa maboma mengine wameanza kuomba vichupa, hata vijana wachungaji. Mimi sicheki, Dada. Ninaogopa na sijui hasa ninaogopa nini.

Mdogo wako,
Sinyati


Karatu, 25 Februari 2024

Mdogo wangu,

Salamu zote chukulia nimeshazitoa. Barua yako nilimsomea mume wangu, Baba Godson, aliyetembeza wageni porini miaka yote hii. Akaweka kikombe chini, akataka niisome tena.

Anasema nyati haoni vizuri, anaamini pua. Akimnusa mtu toka mbali, anampisha. Akishtukia mtu yuko miguuni pake, hakimbii tena, anapiga. Na nyinyi mnanuka kichaka. Mnatembea mpaka mdomoni mwake naye hajui, na siku atakapojua hamtakuwa na pa kwenda.

Sinyati, si dawa. Ni mimi niliyewavua harufu yenu. Jiosheni kwa majivu, mkae kwenye moshi, vichupa vimwageni. Porini msiende kabisa. Hoteli nimewaambia mzigo haupo. Wamenuna, na wanune. Vedasto, dereva wa gari la unga, amekuja dukani na maagizo ya wachungaji wako, nimemfukuza na maagizo yake. Nijibu kwa gari hilihili, nakuomba.

Dada yako,
Ndeshi


Endulen, 3 Machi 2024

Dada Ndeshi,

Shikamoo. Tuko wazima wote, nakwambia mapema ili usome ukiwa na pumzi.

Niliwasomea barua yako mara mbili. Wakasema Ndeshi anataka dawa abaki nayo yeye na wazungu wake wa hotelini. Nengai, yuleyule, akaniuliza kama nimewahi kuona nyati akimdhuru mtu aliyejipaka. Vyangu nimevimwaga, vyao wamevificha, na wachungaji wameanza kuchemsha majani wenyewe kwenye masufuria ya chai.

Kesho wanashuka bondeni, kundi kubwa, kutafuta kuni na malisho. Binti yangu mkubwa anakwenda nao. Nimemkuta ananukia mpaka kwenye nywele. Nimemkataza, baba yake akamruhusu mbele yangu.

Basi tangu asubuhi nimekaa ndani, kuni mbichi zinafuka, macho yamevimba. Sijaoga. Nimejifunga shuka lililolala zizini. Kesho nitatangulia mimi, upande unakotoka upepo, ninuke mtu peke yangu kwa niaba yao wote. Nyati wakininusa watainuka waende zao. Wakiamua kutokwenda, watanikuta mimi kabla ya mtoto wangu.

Wenzangu wananicheka, eti mdogo wa mama marashi ananuka ndama. Nimewaacha wacheke, ilimradi wakae nyuma yangu.

Naogopa, Dada. Vedasto ameshawasha gari, nampa barua hii sasa hivi. Niombee upepo usigeuke.

Mdogo wako,
Sinyati