Waya Uliokatwa Chini ya Nyuzi

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima.

Najua ni miaka miwili tangu niondoke na gita lako la besi bila kukuaga. Leo nakuandikia kwa sababu nimekwama. Bendi yetu inarekodi tarehe tisa Aprili, na besi inavuma kama friji bovu. Fundi wa studio amesema ikivuma siku hiyo ataita mpigaji mwingine. Nimebadilisha waya na amplifaya, wapi. Wewe ndiye fundi redio. Nifanyeje?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, ni magoti sasa.

Fungua bamba la mbele. Shimo lote ndani libandike karatasi ya shaba, vipande vipandiane, usiache mwanya. Nyuma ya bamba vilevile. Kisha iunge shaba kwa lehemu na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Itazuia mvumo wa taa na nyaya za ukutani. Mengine usiyaguse.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na magoti.

Nimebandika, vidole vyote vimechanika. Mvumo umepungua nusu. Ila nimeona kitu. Waya wa ethi unaokwenda kwenye chuma kinachoshikilia nyuzi umekatwa kwa koleo, ncha ikafungwa utepe mweusi, ule wa dukani kwako. Fundi wa studio anasema nikiuunga, mvumo utakwisha. Mbona ulinikataza kuugusa?

Mwanao

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki mbili kimya. Zimebaki siku saba. Waya sijauunga. Nakusubiri wewe.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara nne.

Baba yako mdogo, yule unayemjua kwa picha, nilikwambia alikufa kwa ajali, nawe ukadhani ni gari. Alikuwa ameishika besi hiyo jukwaani. Mchana wa siku ile, amplifaya ilikuwa inavuma, nami nikaikata ethi kwenye plagi. Mvumo ukaisha, wanabendi wakanisifu. Jioni amplifaya ikavujisha umeme, ukapanda hadi kwenye nyuzi. Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni yenye ethi, umeme ukapata njia.

Baadaye nikakata na huo waya wa nyuzi ili umeme usizifikie tena, nikasema acha ivume. Ulipoichukua sikukasirikia gita. Niliogopa, nikashindwa kusema.

Hapo studio mtafute fundi umeme apime kila soketi na kila plagi, wewe ukiona kwa macho yako. Vikiwa sawa, unga.

Baba yako

10 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Soketi moja haikuwa na ethi. Fundi umeme akaitengeneza, akapima upya, na mimi nimesimama pale pale. Ndipo nikaunga waya. Kabla ya kupiga nilishika nyuzi, nikagusa maikrofoni kwa mgongo wa mkono. Fundi wa studio akaniuliza, "Unafanya nini?" Nikamwambia, "Subiri kidogo." Hakuna kilichotokea. Spika zilikuwa kimya kabisa.

Tumerekodi nyimbo tano. Kwenye orodha ya wapigaji nimeomba waandike na jina la baba mdogo.

Jumamosi nakuja, na gita. Ukitaka nitapiga. Usipotaka tutakaa tu.

Mwanao

13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Njoo upige. Leo nimeshinda nikipima soketi za nyumba nzima.

Baba yako