Mzee Walter Amekuwa Mnyamwezi

Laurel, Maryland, Marekani. Jumapili, mwezi wa kumi, 1998. Jua lipo, lakini la maonyesho tu, halina moto.

Haya, umerudi. Ulikuwa wapi? Naandika humu tangu mfungo, kwa kidole kimoja hiki hiki, na wewe hukuja hata kuuliza kama bibi yu hai. Binti yangu Mwajuma ananiambia kwenye mtandao watu hawapigi hodi, wanapita tu. Basi hiyo ni tabia ya kuku. Kaa chini. Leo nimefurahi, na nitakusimulia hata kama una haraka.

Kwa wewe usiyenijua: shule sikuenda. Herufi nilizipata Kisarawe kwenye kisomo cha watu wazima, wajukuu tayari wananiita bibi, ndiyo maana naandika kama ninavyosema. Mzaramo mimi. Hilo la Uzaramo lishike, lina kazi mbele.

Chini ya fleti yetu anakaa Mzee Walter, Mzungu, mgane, goti moja bovu. Ndege ikipita angani anainua kichwa hata kama kijiko kiko mdomoni. Nampikia. Kiingereza changu mimi ni kula, kaa, na baridi, na hayo yanatosha kumlea mtu. Mengine Mwajuma anatafsiri.

Alhamisi Mwajuma hakuwa na zamu, tukamshushia mihogo ya nazi. Mihogo ya madukani Langley Park, ya barafu, lakini ukiibembeleza inaiva. Tukamkuta amekaa, suti ameitandika juu ya kiti kingine, anaitazama kama maiti ya ndugu yake. Akamwomba Mwajuma ampigie simu mgeni wake wa Jumamosi aseme kuwa yeye ni mgonjwa.

“Mgonjwa wa nini?” nikauliza.

Akajishika kifua. Nikampa sahani. Akala yote. Nikasema huyu si mgonjwa, huyu ana jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Wakati wa vita vya Hitla alikuwa kijana, mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege kubwa ya mabomu. Walikuwa bado hawajapelekwa vitani, wanafundishwa huko magharibi, wanadondosha mabomu ya mchanga. Asubuhi moja wenzake wakaruka bila yeye, kwa sababu alikuwa wodini na matubwitubwi. Wingu lilikuwa chini. Ndege ikagonga mlima. Hakurudi mtu.

Matubwitubwi! Mashavu yamevimba kama mwizi wa maandazi, ndiyo yakamwacha duniani.

Akasema kinachomuuma ni watu kumuuliza, wenzako walikufa katika mapigano gani? Akijibu walikuwa wanajifunza, wanatazama pembeni. Mimi nikamwambia, nilikuwa nadhani nimepunjwa kwa kukosa shule, kumbe wengine shule imewamaliza. Lakini kwetu Waislamu, aliyefia njiani akienda kuhiji anaandikiwa hija yake. Hao nao waandikiwe vita vyao. Akaomba mihogo mingine.

Halafu akaanza kunisimulia walivyokuwa. Jamani, nilicheka! Rubani wao, Roy, mtoto wa mkulima, analiendesha lile dude la injini nne lakini anaogopa kuku. Frank, mdondosha mabomu, siku moja alikosa shabaha akapasua matikiti maji ya mtu, wakapelekwa kikosi kizima kuomba radhi, wakarudi wamebebeshwa matikiti yaliyosalia. Na Eddie, ndiye mwonyesha njia wa ndege, kazi yake ramani. Huyo akienda mjini kununua sigara, polisi ndio wanamrudisha. Hajui kulia, hajui kushoto, mpaka apande juu.

Na anayekuja Jumamosi ni Dorothy, dada yake Eddie. Kaka yake alipokufa alikuwa mtoto wa meno ya kung’oka. Sasa ni bibi kama mimi, anasafiri kwa treni kutoka mbali kwa neno moja tu: kaka yangu alikuwa mtu wa namna gani? Miaka yote anamuuliza Walter kwenye simu, na Walter anajibu, alikuwa shujaa, kisha anahamia kwenye habari za mvua.

“Si umwambie haya ya sigara?” nikasema.

Akaweka uma chini. Akasema siwezi, Bibi. Nikimwambia kaka yake alikuwa anapotea, atawaza nini? Atawaza kwamba yeye ndiye aliyewapeleka mlimani.

Hapo nikaelewa. Mtu huyu amekaa na Eddie mzima ndani ya kifua chake, anamnyima dada mtu, na anadhani anamhurumia.

Sasa sikiliza, wewe wa Mombasa na wewe wa Bukavu, maana huenda kwenu hamna. Kwetu msiba hauwi msiba mpaka waje watani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakuja matangani, watu wanalia, yeye anavaa kanzu ya marehemu anachechemea kama marehemu alivyochechemea, analala kaburini anasema hapa pananitosha mimi, mpelekeni huyo kwingine. Na hakuna wa kumkasirikia. Anakurudishia maiti wako akiwa mtu.

Kwa hiyo nikamtangazia Mzee Walter kwamba kuanzia Alhamisi ile yeye ni Mnyamwezi.

“Ni watu gani hao?” akauliza.

“Wapagazi. Walitembea na mizigo kichwani kutoka bara mpaka pwani. Wewe umebeba miaka hamsini hujatua. Unyamwezi gani mwingine unautaka?”

Akacheka kidogo. Lakini akaniapisha: Jumamosi, kuhusu Eddie kupotea, nisiseme neno.

Nikaapa kutosema.

Jana Mwajuma akamleta Dorothy kutoka stesheni. Mdogo, mwembamba, kofia ya sufu, mkoba mkubwa kuliko yeye. Nimempenda kabla hajakaa. Chai ikamiminwa kwetu juu, maana kwa Walter viti ni viwili. Walter akasimama ndani ya suti yake kama anahutubia bunge. Eddie alikuwa shujaa. Eddie alikuwa rafiki mwema. Eddie aliipenda nchi yake. Akakaa.

Dorothy akasema asante. Akasema kila mtu ananiambia hivyo. Na nikauona mkono wake unatafuta kamba ya mkoba.

Anayetafuta kamba ya mkoba anaondoka. Na umri ule harudi.

Niliapa kutosema. Sikuapa kutocheza.

Nikachukua gazeti la Mwajuma, nikalishika juu chini mbele ya pua kama ramani, nikatoka kutafuta sigara. Nikaipigia friji saluti nikaiuliza njia. Nikazunguka meza, nikarudi, nikakutana na friji ile ile, nikaipigia saluti tena. Nikafungua kabati la makoti, nikasoma gazeti, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni hapa, nikaingia, nikajifungia.

Giza. Harufu ya viatu vya mkwe wangu. Nje, sauti ya Mwajuma: “Yarabi, mama kaniua leo.”

Kisha nikasikia mtu anatoa sauti. Sikujua ni kilio au nini. Nikajiambia mle gizani, bibi wewe, safari hii umezidi.

Nikachungulia. Alikuwa Dorothy, kofia imemteremka jichoni, anacheka mpaka chai inamwagika. Ananinyooshea mimi kidole, anamwambia Walter: “Huyo ni Eddie! Huyo ni Eddie kabisa!”

Akatusimulia. Eddie alitumwa kumchukua yeye mdogo kanisani, akarudi nyumbani ameshika mkono wa mtoto wa watu. Mama yake akamuuliza, Eddie, huyu nani? Eddie akamtazama mtoto, akasema, mbona hakuniambia? Tangu alipokufa, picha yake iliwekwa ukutani na kisa hicho hakikusemwa tena. Nyumbani ilikuwa dhambi kumcheka. Amekihifadhi peke yake tangu utoto.

Halafu akaacha kucheka. Akamgeukia Walter akauliza moja kwa moja, bila kupaka mafuta: “Ni yeye aliyewapoteza?”

Mwajuma alitafsiri kwa sauti ndogo. Mimi nilishika mlango wa kabati.

Walter akasema, “Sijui, Dorothy. Wingu lilikuwa limeukalia mlima na hakuna aliyerudi kutueleza. Ninachojua, kama si matubwitubwi ningepanda naye. Na kesho yake ningepanda naye tena.”

Dorothy akairudisha kofia yake sawa. Akasema hilo ndilo sijawahi kuambiwa na mtu.

Kisha akauliza kama Eddie huko jeshini bado alikuwa anaimba. Maana nyumbani, akisikika anaimba barabarani, walijua amepotea.

Mzee Walter akapiga goti lake zima kwa kiganja. “Hata angani! Tukimsikia anaimba kwenye simu za masikioni, Roy anasema, vijana, Eddie hajui tulipo!” Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, na hakuna aliyempa kitambaa wala kumwambia jikaze. Yalitoka yakaisha. Dorothy akaimba kipande cha wimbo wenyewe, sauti mbovu, Walter akapokea, mbovu zaidi. Mihogo ikaliwa ikaisha. Rubani wa kuku alikuwepo, na Frank na matikiti yake, wote wamejaa sebuleni kwangu, vijana wa ishirini na kidogo, wananimalizia chai.

Jioni Mwajuma akamrudisha Dorothy stesheni. Mlangoni alinikumbatia akaniambia kitu kirefu. Nilimjibu kwa Kiingereza changu chote: kula, kaa, baridi. Alielewa.

Leo asubuhi Mzee Walter amepanda kwetu bila suti. Nimemtukana kama inavyompasa: “We Mnyamwezi, mzigo umeuacha wapi?”

Akasimama pale, nikaona anatafuta neno. Mwajuma alimfundisha kwenye ngazi, wasaliti wawili. Akasema kwa Kiswahili kilichovunjika mbavu: “Nusu kwako. Mvivu.”

Mvivu! Nyumbani kwangu! Nimempa maandazi manne.

Basi na wewe, ukirudi, usiniletee pole wala usiniambie marehemu wako alikuwa mtu mwema, wema wote wanafanana. Niletee mmoja tu, na kile kituko chake mnachoogopa kukitaja. Na safari hii piga hodi.