Nimewarudishia Msalaba Wao, Nimeitwa Mwizi wa Makaburi

Shangazi Wilma mpendwa,

Naomba msaada wako, na nakuambia mapema kwamba naandika nikiwa na hasira, wiki nzima sijalala vizuri, na wewe husema kwenye safu yako gazetini kwamba mtu aseme ukweli wake bila kuupaka rangi, basi ukweli wangu ni kwamba nimetenda wema nikalipwa matusi, tena mbele ya watu zaidi ya mia na mke wangu akiwemo.

Mimi ni fundi wa matrekta, nina miaka hamsini na tisa, na kwa miaka kumi na moja kila baada ya mavuno natembea mashambani na mashine yangu ya kutafutia vyuma ardhini, na sijawahi kuingia shamba la mtu bila ruhusa, sijawahi kuacha shimo wazi, hata takataka ninazofukua, misumari, vifuniko vya chupa, mikebe yenye kutu, nazitia kwenye mfuko wa kiunoni nikazimwage kwenye ndoo ya vyuma chakavu gereji kwangu, na nishani au beji yoyote yenye jina la mtu siiuzi, naitafutia wenyewe, hiyo ndiyo sheria ya klabu yetu ya watafuta vyuma na ndiyo fahari yetu, nimekwisha kurudisha beji mbili za kofia za askari na nishani moja, na kila mara watu wamelia kwa furaha wakanikumbatia na picha ikatoka gazetini.

Sasa mwezi wa tisa huyu Curtis, kijana anayelima shamba lililokuwa la akina Semchuk, aliniruhusu nipite kwenye vichaka vya lilaki, maua ambayo watu wa zamani walipanda mlangoni, maana kila mtu wa kazi hii anajua kwamba ukiona lilaki katikati ya ngano basi palikuwa na nyumba, na siku ya pili mashine ikalia sauti safi kabisa, nikachimba, nikatoa msalaba wa fedha, ule ambao serikali iliwapa kina mama waliouliwa watoto wao vitani, na nyuma yake umechongwa namba na jina, M. Semchuk, nikapiga magoti palepale kwenye mabua, Shangazi, sioni aibu kusema.

Nikapekua vitabu vya kanisa majuma matatu, nikagundua Mykola Semchuk aliuawa Italia Desemba 1943 akiwa na miaka ishirini na moja, na dada yake, Bi Oryska, bado yu hai, ana miaka tisini na anaishi hapahapa mjini kwenye makao ya wazee, nikaona Mungu ana mipango yake. Sikumwambia kitu, nilitaka ashtukie tu zawadi, nikausugua msalaba kwa magadi na mswaki mpaka ukang'aa, nikaununulia kisanduku cha mahameli, na tarehe kumi na moja Novemba, kwenye chakula cha Siku ya Kumbukumbu pale ukumbi wa wanajeshi wastaafu, watu wakiwa bado na sahani za perogi mbele yao, nikapanda jukwaani na mpiga picha wa gazeti yuko tayari, nikamwita, akaja polepole na mkongojo wake.

"Bi Oryska," nikasema kwenye kipaza sauti, "leo kaka yako amerudi nyumbani!"

Akafungua kisanduku, akatazama, hakulia.

"Umeutoa wapi?"

"Shambani kwenu kwa zamani, bibi, kwenye lilaki."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, bibi, mimi ni..."

"Nakuuliza nani alikutuma, mwizi wa makaburi wee! Jeshi halikutuletea mwili, lilituletea hiki. Mama akakizika kwa mikono yake, nimesimama naye, nina miaka minane, akaniambia hapa ndipo alipolala Mykola, asiguswe na mtu. Wewe umemfukua, halafu umempiga mswaki!"

Nikamwambia atulie, hii ni historia ya nchi, akakifunga kisanduku akanisukumia kifuani. "Nchi ilishamchukua mara moja. Haimchukui mara mbili. Ulikoutoa unapajua." Na yote hayo kwenye kipaza sauti, Shangazi, mpaka Verna mke wangu akasimama kule nyuma akapaza sauti, "Garnet, shuka. Shuka sasa hivi."

Tangu siku hiyo Curtis amenifungia shamba, na wazee wa kahawa asubuhi wakiniona tu wanauliza, "Vipi Garnet, leo umefukua nani?" Jumatatu mjukuu wa Bi Oryska alinipigia simu, akasema bibi yake anataka msalaba urudi pale ulipokuwa kabla ardhi haijaganda kwa baridi, kwa sababu hatarajii kuuona mwezi wa tano itakapoyeyuka. Mwenyekiti wa klabu naye anasema katu, fedha ikirudi kwenye udongo wenye mbolea italiwa, na jumba la makumbusho limekwisha kuandaa kabati la kioo. Mimi nilifuata sheria, ruhusa ninayo kwa maandishi, sasa kwa nini nirudishe kitu cha shujaa matopeni kwa sababu ya hasira za bikizee ambaye hata asante hakusema? Verna ndiye aliyesema nikuandikie wewe, maana yeye hataki kunisikia tena.

Kuna jambo moja tu sijamwambia mtu, na sidhani kama lina maana. Msalaba haukuwa wazi kwenye udongo. Ulikuwa ndani ya mkebe wa tumbaku uliofungwa kwa waya, pamoja na kipande cha kitambaa kilichotariziwa na kitufe kimoja, na juu yake yalikuwa yamepangwa mawe meupe matano. Mawe niliyatupa pembeni. Mkebe na vilivyobaki ndani nilivitia kwenye ule mfuko wa kiunoni wa takataka.

Mtenda Wema,
Saskatchewan

SHANGAZI WILMA ANAJIBU

Umejiita Mtenda Wema kana kwamba mji huu wa watu elfu mbili haukuwepo ukumbini, na jina lako umelitaja mwenyewe mara mbili. Tuache mchezo, Garnet. Nilikuwa meza ya nne, nikaomba umeme ukatike.

Nikupe kwanza haki yako. Wewe si mwizi mbele ya sheria. Ruhusa uliomba, mashimo unafukia, na wale uliowarudishia beji zao ulitenda jambo jema. Maneno ya wale wazee wa kahawa yanauma, pole sana. Hiyo ndiyo pole yote niliyokuwa nayo na nimekwisha kuitoa.

Ulipekua vitabu vya kanisa majuma matatu. Makao ya wazee yako dakika tano kutoka gereji yako! Ulishindwa nini kugonga mlango wa yule bibi, ukavua buti, ukaketi, ukamuuliza, "Bibi, nimeokota kitu, nisaidie kukijua"? Angekueleza yote kabla chai haijapoa. Hukutaka kuelezwa, ulitaka kupigiwa makofi. Ukamwita bibi wa miaka tisini mbele ya mji mzima alipe kwa machozi, na machozi yasipokuja unanuna kama mtoto aliyenyimwa keki. Mimi nimekasirika, Garnet, na nakwambia hivyo waziwazi ili usidhani Verna yuko peke yake.

Tuje kwenye mistari yako ya mwisho, ile unayodhani haina maana. Mkebe umefungwa kwa waya. Mawe matano yamepangwa. Ni nani anayepoteza kitu namna hiyo? Umefukua mashamba miaka kumi na moja, unatambua umri wa kitufe kwa kukipapasa tu kwa kidole gumba, halafu uniambie hukujua kwamba mtu aliweka kitu pale makusudi? Ulijua ukiwa umepiga magoti kwenye mabua. Ndiyo maana hulali. Mficha uchi hazai, na katika kurasa zako zote hili la kulisema ndilo tendo la kiume pekee nililoliona.

Unaona hasira za bikizee. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mama yake alipelekewa barua, halafu kisanduku, halafu basi, hakuna jeneza, hakuna mahali pa kupeleka maua. Akajitengenezea kaburi la mwanawe kwa alichokuwa nacho, na kile kitambaa ulichokitupa na vifuniko vya chupa nadhani kilikuwa cha shati la Mykola ambalo alilitarizi mwenyewe. Mwenyekiti wako anaogopa fedha italiwa na udongo. Iliwe. Kinachozikwa huoza, na mama yule alilijua hilo kuliko klabu yenu nzima. Hilo kabati la kioo watafute kitu kingine cha kulijaza.

Sasa sikiliza, na ufanye leo, maana udongo wa juu umekwisha kuanza kukakamaa na huyu bibi hana majira mengi ya kuchezea. Mwaga ile ndoo sakafuni utoe mkebe, kitambaa na kitufe. Usivisugue. Nasema tena, usivisugue! Nenda kwa Curtis, umwombe radhi, kisha umwombe ruhusa ya siku moja bila mashine. Yatafute yale mawe. Ni wewe uliyeyatupa, unajua mkono wako unafika wapi. Mwambie mjukuu wa Bi Oryska habari yote ya mkebe, usipunguze neno, hata kama atakutukana, na umuulize bibi anataka siku gani na saa ngapi. Ruhusa ya kwenda ikija, nenda na sururu. Jaketi la klabu liache nyumbani. Habari za historia ya nchi zimeze. Chimba pale atakapoonyesha kwa mkongojo wake, umpe msalaba na mkebe mkononi, na aweke yeye. Padri akihitajika watamwita wao. Mpiga picha wetu nimekwisha kumkataza mwenyewe.

Asante usiisubiri. Huenda asikutazame hata mara moja, na hana deni la kukusamehe. Fukia, panga mawe, shika sururu yako utembee mpaka barabarani bila kugeuka nyuma, umwache dada na kaka yake.