Mvua ya Wiki Iliyopita

Miyuji, Jumatano usiku

Na yote haya kwa sababu ya tarehe. Juzi simu za Chemba zilikatika, nikamkosa mwalimu anayetupa habari za mvua za kuweka kwenye tovuti ya ofisi yetu. Bosi akasema, “Badilisha tarehe tu. Mgeni akikuta habari ya zamani harudi tena.” Nikabadilisha tarehe ya habari ya wiki iliyopita, ile ya kwamba Chemba imenyesha.

Leo jioni shangazi kapitia hapa akitokea shambani kwake Chemba, mfuko wa mbegu haujafunguliwa. Alisoma tovuti yetu, akaomba ruhusa kazini, akaenda kupanda. Kakuta ardhi kavu, jembe linadunda.

Nikamwamkia, akaitikia taratibu, kisha akasema, “Kesho nitaifungua tena tovuti yenu. Nikikuta mmeandika Chemba imenyesha, nibebe mbegu?”

Simu bado hazijarudi, na bosi anataka ukurasa wa kesho.