Vifungo Vyako Bado Viko Mezani

Mwaka umetimia, kaka, tangu moyo wako uliposimama kwenye ngazi za ofisi kuu, karatasi zako zikiwa kwapani. Walikuwa wamekwambia usubiri. Ukasubiri. Miaka ishirini na mbili ya kuuguza wagonjwa wa akili ilikuwa imekuzoesha.

Vifungo vyangu vya ushonaji ulivichukua kopo zima, ukavipanga kwenye meza ya kulia. Kila kifungo mgonjwa. Ukawa unavisogeza: nyumbani, duka la dawa, zahanati, wodini, nyumbani tena. Sisi tukala sahani zikiwa mapajani mwezi mzima. Shangazi akinyoosha mkono tu, unamkemea: "Shangazi, usimguse huyo, ana miadi."

"Basi mwambie anipishe, niweke kikombe."

Na nyumba hii unaijua, haikauki wageni. Kila aliyeingia ulimuuliza: mtu wako akianza kukesha na kusema peke yake, unabisha mlango gani kwanza? Umbea wote wa sebuleni kwangu ukauingiza kwenye hesabu zako. Ndipo ukaona kwamba wengi walirudi wodini kwa sababu wiki ya kwanza baada ya ruhusa hakuna muuguzi aliyewapigia hodi.

"Dada, huduma ni kama gauni," ulinieleza. "Ukipunguza kiuno bila kupima bega, linachanika kwapani. Wauguzi wa majumbani kwanza, vitanda vipunguzwe baadaye."

Ulipowapelekea mchoro wa safari hizo za vifungo, wakubwa walikupigia makofi. Tulipokwisha kukuzika, wakapunguza vitanda. Wauguzi wa majumbani mpaka leo "wanashughulikiwa". Mchoro wako wameutia kwenye fremu, umening'inia ukumbini, na mkurugenzi anapiga picha mbele yake. Maiti hana kauli, sisi tunayo.

Kitinda mimba wetu, ambaye kwa ajili yake ulianza yote haya, aliruhusiwa kutoka wodini Ijumaa moja mwezi uliopita. Tuliisubiri hodi. Dawa akazikataa, tukabembeleza, tukashindwa. Siku ya tisa alirudishwa na gari la polisi, akalazwa sakafuni.

Jioni ile Shangazi alikwenda mezani, akakichukua kifungo cha kijani, kile cha kitinda mimba, akakirudisha wodini. Hakuna aliyemkemea.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, wanao wawili, mimi dada yako, kitinda mimba, Shangazi, na wote waliokula mapajani. Hatukusahau, kaka. Na meza hii haifutwi.