Machipukizi Matatu Niliyoyapakia Kwenye Mashua

Jumamosi, Kamuli. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa ni saa kumi jioni haijakata. Zamani ningeisikia ikipiga majani ya migomba, ile sauti nzito inayomfanya mtu asinzie kitini. Leo inapiga udongo mtupu. Nimekaa barazani kwa mama na sina la kufanya ila kuandika.

Jana tuling'oa shina la mwisho.

Wale mliozoea kusoma humu habari za mashua yetu, mniwie radhi. Leo sina upepo wala visiwa vya kuwasimulia. Niko nyumbani Kyerwa, mbali na ziwa, na nina jambo limenikaa kooni miezi minane. Nimejaribu kuliandika mara mbili nikafuta.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni bwana shamba mstaafu. Zaidi ya miaka thelathini nilizunguka vibanja vya Karagwe na Kyerwa kwa pikipiki ya serikali, nikiwafundisha watu kutunza migomba. Mke wangu Adventina alikuwa mwalimu. Yeye ni mtu wa Muleba, amezaliwa ufukweni, na marehemu baba yake alikuwa na mashua ya tanga. Mimi ni Mnyambo wa milimani niliyejifunza kuogelea nikiwa na miaka hamsini na nane, tena nimevaa boya. Tangu tukiwa vijana alikuwa akisema tukistaafu twende tukaishi majini. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka kusahihisha madaftari. Kumbe mwenzangu alikuwa anapanga. Tulipostaafu tulimtafuta fundi huko kwao, akatutengenezea mashua ya mbao yenye tanga moja kubwa, kijumba cha kulala watu wawili, jiko la gesi, na injini ndogo ya dharura. Tukaiita Pumziko.

Majirani hapa walicheka mpaka wakachoka. Kwetu mwanaume ni kibanja: nyumba katikati, migomba kuizunguka, na makaburi ya wazee humo humo. "Bwana Shamba kaenda kulala majini kama kiboko," walisema, nami nikacheka nao. Kibanja cha baba nilimwachia mdogo wangu Deusi, ambaye hajawahi kulala nje ya Kamuli wiki nzima. Mama pia nikamwachia yeye.

Sitadanganya. Ile miaka ya majini ilikuwa mizuri kuliko yote niliyoishi. Adventina akishika usukani alikuwa anarudia usichana wake, anaimba, ananitania ninavyofunga kamba kama mtu anayefunga mbuzi. Hatukuwa na haraka ya kwenda popote. Upepo ukikataa tunabaki pale pale, tunakaanga sato, tunapiga soga hadi usingizi utuchukue.

Sasa jambo lenyewe.

Mama ana miaka themanini na sita. Mwaka jana, katikati ya mwaka, nilipokuja kumsalimia, alisema kama mtu anayejisemea kwamba angependa kuonja tena nshakala kabla hajafa. Nshakala ni ndizi ya kupika ya zamani, laini, yenye harufu yake. Hapa kwetu ilipotea kwa wadudu na udongo kuchoka, na mimi mwenyewe ni mmoja wa waliowashauri watu waiache wapande aina nyingine. Mama hakunilaumu. Alisema tu, akaendelea kumenya ndizi zake.

Miezi miwili baadaye tulitia nanga kwenye kisiwa kimoja upande wa kusini. Nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kihaya nikaiona. Nshakala, mashina kama kumi. Nilimweleza habari za mama yangu, na yule mama akanionea huruma, akanichimbia machipukizi matatu, akakataa hata kupokea samaki niliompelekea.

Nililoliona pale sikumwambia mtu mpaka leo asubuhi. Pembeni kulikuwa na mgomba mmoja wenye mkungu ambao baadhi ya ndizi zake zimeiva na nyingine bado changa kabisa. Kila mkulima niliyemfundisha anajua maana yake. Ni mnyauko, ule ugonjwa ambao ukishaingia kwenye kibanja hauna dawa ila kung'oa. Nimeuhubiri kwenye mikutano mpaka sauti ikakauka: chipukizi usilitoe mahali usipopajua, hata kama kwa macho ni zima. Nilisimama nikautazama ule mkungu kwa muda mrefu, nikajiambia ni jua kali.

Jua kali! Mimi!

Adventina alinikuta nayapanga machipukizi kwenye sitaha. "Baba Koku," akasema, "hivi si ndivyo ulivyokuwa unawakataza watu?" Nilimjibu kwamba naijua kazi yangu. Nikayaosha, nikayaviringisha kwenye kiroba, nikayapiga picha. Picha hiyo mnaikumbuka, niliiweka humu nikasema ni zawadi ya mama, nanyi mkanipongeza kwa kumkumbuka mzazi. Bado ipo. Sitaifuta.

Mama aliyapokea kwa mikono miwili. Alikalia kigoda chake nyuma ya jiko akamwelekeza Deusi pa kuchimba, akatia majivu kwa mkono wake mwenyewe, akanibariki. Nilirudi ziwani nikijiona mwana mwema kuliko wote.

Miezi mitano baadaye Deusi akapiga simu. Tulikuwa mbali na nchi kavu na mtandao ulikuwa unakatika katika. "Kaka, migomba ya nyuma ya jiko inanyauka." Nilijua kabla hajamaliza kusema. Na neno la kwanza lililonitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Umetumia panga la nani?"

Panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa mzima. Hilo nalo ni fundisho langu. Deusi anaishi kwa vibarua, anapunguza majani na kupalilia kwenye vibanja vya majirani, na panga lake linaingia kila mahali. Mimi niliuliza swali, majirani waliokuwa karibu na simu wakalisikia, na swali likitoka kwa bwana shamba, kijijini linakuwa hukumu. Ugonjwa ulipotokea kwa majirani wanne, watu hawakuhitaji ushahidi mwingine. Kwenye mkutano wa kijiji waliwasha moto, Deusi akaambiwa aliweke panga lake humo mbele ya wote. Akaliweka. Alikaa pale hadi mpini ukawa majivu. Baada ya hapo hakuna aliyemwita tena kibaruani. Hata watu wakikaa kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu kilikuwa kinampita.

Alinitumia ujumbe siku ile. "Wamechoma panga langu kaka. Si kitu." Nami nikamjibu kwa maelekezo ya namna ya kung'oa mashina, moja, mbili, tatu, kama barua ya ofisini.

Miezi minane nimemwacha mdogo wangu abebe mzigo wangu.

Nimejiuliza kwa nini, na jibu halinipendezi. Kweli, niliogopa kuaibika. Lakini hilo ni nusu tu. Kosa likiwa langu, ingenibidi nirudi. Likiwa la Deusi, naweza kubaki majini na Adventina na kutuma ushauri kwa simu. Nilikuwa nachagua mashua kila siku, na kila siku nilijua nani anailipia.

Wiki mbili zilizopita nilikuja. Tumeng'oa wawili tu, mimi na miaka yangu sitini na mbili, Deusi na hamsini na saba. Hakuna jirani aliyekuja kusaidia. Tulianza barabarani tukaenda ndani, tukazunguka kaburi la baba, ambalo sasa linaonekana na kila apitaye. La mwisho kabisa lilikuwa shina moja la nshakala. Mengine mawili yalinyauka mapema, moja likitangulia mengine yote kibanjani, lakini la tatu lilibaki kijani na mama hakutaka liguswe. Kijani hakimaanishi uzima. Jana, alipokuwa amelala, tuliling'oa.

Leo asubuhi tulikuwa jikoni na Deusi, tunapukuchua maharage kungoja mvua ikate. Wazee walisema mficha uchi hazai. Nikasema.

"Deusi, ugonjwa niliuleta mimi. Ni yale machipukizi ya mama."

Hakuacha kupukuchua. "Najua, kaka."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Ulianzia kwenye nshakala, na panga langu lilikuwa halijafika pale. Mama hakuruhusu mtu asogee."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali panga lake lichomwe. 

"Waitu kaka, watu hapa wanang'oa migomba yao kwa sababu wewe ndiye uliyewafundisha kung'oa. Wangesikia bwana shamba mwenyewe ndiye aliyeuleta, nani angekubali kung'oa? Ugonjwa ungefika mpaka vijiji vya Nyakatuntu." Akamwaga maganda mlangoni. "Mimi panga nitapata jingine."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nina hata majibu. Badala yake aliniuliza kama nitaongeza chai. Nimelia mbele ya mdogo wangu, jambo ambalo sikulifanya hata tulipomzika baba, na yeye akatazama pembeni ili nilie vizuri.

Nilivaa koti la mvua nikaenda kwa katekista. Nimeomba dakika tano kesho, wakati wa matangazo. Deusi hakupenda. Nilimwambia waliotakiwa kung'oa wameshang'oa, sasa wanaweza kuujua ukweli. Na Jumatatu nitaanza kupita kila kibanja alichofukuzwa, tuingie wote wawili, yeye mbele mimi nyuma. Wakinifukuza mimi, itakuwa haki. Nitakaa hapa mpaka udongo usafike na miche safi ipandwe. Naijua hesabu yake: mwaka, miwili, pengine zaidi.

Halafu nikampigia Adventina. Yuko kwao Muleba, analala mashuani, analinda. Nilimwambia yote, na ule mkungu nilioufumbia macho nikamwambia. Nilitegemea aseme alinionya, naye alikuwa na haki hiyo. Nikasikia maji yakigonga ubavu wa mashua kwenye simu. Tunajua sote wawili kwamba mashua ya mbao isiyokaliwa inaoza, na yeye peke yake hawezi kuiongoza.

"Basi tuitafutie mwenyewe mwingine," akasema. Baadaye kidogo, "Nitakuja Jumatano. Usinipokee na maneno mengi, Baba Koku."

Naipenda ile mashua. Nataka iandikwe humu waziwazi, isije ikaonekana naiacha kwa moyo mkunjufu. Naiacha na inaniuma. Inaniuma zaidi kwamba ndoto ilikuwa ya Adventina, aliibeba miaka yote ile darasani, na anayeivunja ni mimi niliyeicheka.

Mchana nilimpelekea mama chakula. Kwetu chakula ni ndizi, vingine ni vya kulishikilia tumbo. Aliutazama ugali, akamega tonge moja, akasukuma sahani taratibu asinivunje moyo. Alikuwa amekwisha kuchungulia nyuma ya jiko.

"Hata nshakala yangu mmeing'oa," alisema. "Mbona ile ilikuwa nzima?"

Nilimwambia utaratibu ni kung'oa yote, mama. Sikusema zaidi. Maneno niliyomwambia Deusi asubuhi, na katekista, na Adventina, yote yalikataa kutoka mbele ya mwanamke mwenye miaka themanini na sita. Akanishika mkono. Alikuwa ananifariji mimi.

"Si kitu, mwana wange," akasema. "Wewe una mashua. Utaniletea nyingine."

Nimekaa hapa barazani tangu saa ile. Mama amelala, nasikia pumzi zake kupitia dirisha. Kesho kanisa zima litasikia, na siwezi kukubali alisikie kwenye benchi pamoja na wengine.

Nitamwamsha mapema, kabla ya kengele ya kwanza. Nitaanza na yeye.